Mpaka Lini, Bwana Menyhert?

Jumamosi, tarehe 13 Julai. Asubuhi ya leo ukungu umeshuka Mbinga mpaka kwenye vizingiti vya milango, na baridi ni ile inayomfanya mtu alishukuru koti lake kwa sauti.

Usiku wa jana niliota nimeajiriwa Hungaria.

Kabla sijaendelea niseme mimi ni nani. Naitwa Ladislaus Hyera. Ni mlinzi wa geti katika shule ya sekondari ya parokia, zamu ya mchana, huu mwaka wa kumi na tisa. Kazi yangu ni kufungua, kufunga, na kusimamia kitabu cha wageni: jina, unakotoka, unakwenda kumwona nani, kusudi, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Miaka kumi na miwili ya kwanza nilikilinda kitabu hicho bila kujua kukisoma. Wageni waliandika, mimi niliweka alama ya vema. Siku nilipojua kusoma nilirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, nikakuta mgeni mmoja ameandika kwenye safu ya kusudi: "Kumtazama mlinzi asiyejua kusoma." Pembeni yake ipo alama yangu ya vema, nzuri kabisa.

Sasa nina miaka hamsini na sita na ninasoma darasa la jioni, katika jengo lilelile ninalolilinda mchana. Mwalimu wetu ni Skolastika Kapinga, ambaye angeweza kuwa kitinda mimba wangu. Mwezi huu alitugawia kurasa za kitabu cha zamani cha historia ya Ulaya, kilichoachwa na mapadre. Kila mmoja ukurasa wake: usome, uandike insha, uisome mbele ya wenzako. Mimi niliangukia bwana mmoja mkubwa wa Hungaria, Menyhert wa ngome ya Homokvar, aliyepigana na Waturuki wa Osmani maisha yake yote.

Katika insha yangu kulikuwa na sentensi moja niliyoipenda. "Bwana Menyhert aliapa mbele ya mfalme, akasema: Nitalinda mpaka." Nukta.

Mwalimu aliizungushia duara jekundu, akaandika: "Mpaka lini?"

Nikasema, "Mwalimu, ni mpaka wa nchi."

Nyuma yangu hukaa fundi Kinunda, mtengeneza baiskeli. Akasema, "Mzee Hyera, huyo analinda mpaka apate usingizi. Kama wewe pale getini."

Darasa zima likacheka. Mwalimu naye alicheka, kidogo, amefunika mdomo kwa mkono. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Jana nikamwambia mke wangu inatosha, Jumatatu ninarudisha kitabu cha darasa na kuaga masomo.

"Uliahidi mbele ya jumuiya," akasema.

"Niliahidi nini hasa?"

Hakukumbuka. Hata mimi sikukumbuka. Nikasali rozari, Matendo ya Uchungu, nikasinzia kwenye tendo la tatu. Mungu anisamehe.

Basi, niko getini kwangu. Ni asubuhi. Geti ni lilelile, lina kovu pale lilipogongwa na lori la saruji. Ninageuka kuitazama shule na shule haipo. Kuna ngome ya mawe, minara minne, na kunguru wengi. Sikushtuka. Nilidhani uongozi umejenga bila kutushirikisha, kama kawaida.

Kwanza zikafika sharubu, moja upande wa kulia wa barabara na moja upande wa kushoto. Baada ya dakika chache akafika mwenyewe, juu ya farasi, amevaa chuma na manyoya.

"Simama," nikasema. "Andika kitabu."

"Mimi ndiye mwenye ngome."

"Hata Baba Askofu anaandika."

Akashuka. Safu ya jina haikumtosha. Aliandika vyeo vyake mistari kumi na moja, vikapanda pembezoni mwa karatasi kama mmea unaotambaa. Kwenye "unakwenda kumwona nani" akaandika: Mimi. Kwenye kusudi akaandika: Utukufu.

"Niandike na mimi," akasema farasi.

"Kusudi?"

"Sina langu. Nimebeba la huyu."

Bwana Menyhert akanitazama. "Wewe ndiye Ladislaus?"

"Ndiye, mheshimiwa."

"Ni jina la mfalme wetu mtakatifu. Ulipewa kwa sababu ya ushujaa?"

"Nilipewa kwenye ubatizo. Padre alikuwa na orodha, akawa amefika kwenye L."

"Mlinzi wangu wa lango ametoroka, na Waturuki wanafika leo kabla ya saa sita. Umewahi kuzuia jeshi?"

"Nimewahi kuwazuia kidato cha pili siku ya mechi."

Alivua kofia. "Umepata kazi," akasema.

Hapo geti likaguna. Lilikuwa limeinama upande mmoja kama mtu mwenye kiuno kibovu.

"Bawaba zinaniuma," likasema.

"Tangu lini?"

"Tangu alipokula kiapo. Hapa Homokvar bawaba hazishikwi na misumari, zinashikwa na kiapo cha bwana. Akikila chote, ninasimama. Akikila nusu, unaona mwenyewe."

Bila kutembea, tukawa ndani ya ukumbi. Watu wa kijiji walikuwa wamejibanza kando ya kuta pamoja na kuku wao, magunia yao na mabibi zao, wamekimbilia humo kwa kuogopa vita. Katikati palikuwa na meza ndefu, na juu ya meza sahani moja ya fedha. Ndani ya sahani kulikuwa na kitu kama mkate mgumu, kimeng'atwa nusu, kina muhuri wa lakiri, ile nta ya kufungia barua, nyekundu kama donda.

"Hiki ni nini?" nikauliza.

"Kiapo," akajibu mama mmoja mwenye mikono ya jembe. Aliitwa Mama Borbala. "Mabwana wa huku hula kiapo."

"Hata kwetu hula, lakini sikujua kwamba kinatafunwa."

"Na kwenu huwa wanakimaliza?"

Nikafikiri kidogo, nisiseme uongo. "Wengi wanachovya tu."

Kiapo kikakohoa makombo. "Huyu alianza vizuri," kikasema. "Alipiga magoti mbele ya mfalme, akasema, 'Nitalinda mpaka,' akavuta pumzi. Wapiga tarumbeta wakadhani amemaliza, wakapuliza. Watu wakashangilia. Yeye akasimama, akanitemea kwenye leso. Tangu siku hiyo niko kwenye sahani."

"Nilikuwa nimemaliza!" Bwana Menyhert akapiga meza. "Mpaka! Mpaka wa nchi!"

"Ungekuwa umemaliza ningekuwa tumboni mwako," kiapo kikasema.

Nilitazama chini. Nilijua ile nukta ni ya nani.

Mama Borbala akaweka mikono kiunoni. "Bwana, huo mpaka wa nchi ni upi?"

"Ni mstari."

"Huo mstari ni shamba langu. Kila kiangazi wanapita Waturuki kuuvuka, halafu unapita wewe kuwarudisha. Wao wanaandika wameshinda, wewe unaandika umeshinda, na mimi ngano yangu ndiyo pekee iliyolala chini. Sikuulizi mpaka upi. Ninakuuliza mpaka lini. Leo ni sikukuu ya Mtakatifu Demetrio, Oktoba inaisha. Nisipopanda wiki hii, mwakani hawa wote watakula kiapo chako, na unaona mwenyewe hakilainiki."

Watu kando ya kuta wakatikisa vichwa kumkubali. Kuku mmoja naye akatikisa chake.

"Mwanamke huyu haelewi mambo ya vita," Bwana Menyhert akaniambia. "Nimemwandikia mfalme anisaidie. Niliomba mizinga kumi."

"Akaleta?"

"Akaleta."

Akanionyesha dirishani. Juu ya ukuta ilikuwa imepangwa mizinga kumi, ya nyuki.

"Mfalme hakuuliza ni mizinga ipi," akasema, na kwa mara ya kwanza sharubu zake zikalegea.

Ukutani ilitundikwa picha ya huyo mfalme. Kila baada ya dakika kumi ilifumbua mdomo na kusema, "Jeshi liko njiani," kisha ikaendelea kuwa picha.

Nikauliza upanga wa bwana uko wapi, labda utatusaidia. Ulikuwa kiunoni mwake, umebarikiwa mara saba. Ukasema kutoka ndani ya ala, "Mniache. Nina kutu, na ninaona haya kutoka mbele za watu."

Nje ngoma zikalia. Niko getini tena.

Waturuki wamejaa bonde zima. Mbele yao yuko Tayfuri Pasha, mzee mwenye kilemba kikubwa na macho ya mtu aliyelala vibaya miaka mingi. Nyuma yake wanaume ishirini wamebeba sufuria kubwa ya shaba kwa heshima zote, kama sisi tunavyobeba sanamu siku ya maandamano.

"Simama," ninasema. "Andika kitabu."

"Tuko elfu arobaini," anasema Pasha.

"Mmoja mmoja."

Akasoma kibao changu: MGENI YEYOTE HARUHUSIWI KUINGIA BILA KUJIANDIKISHA. "Ni sheria?" akauliza.

"Ni sheria."

Akageuka. "Pangeni mstari!" Nao wakapanga, mpaka ng'ambo ya kilima. Lazima niseme kweli, sijawahi kuona wazazi wa wanafunzi wakipanga hivyo.

Wa kwanza alikuwa na manyoya meupe kichwani.

"Cheo?"

"Mpika Supu Mkuu."

"Umekuja kupika?"

"Nimekuja kubomoa ukuta. Mimi ni kamanda. Kwetu kamanda huitwa Mpika Supu."

"Na mpishi mnamwitaje?"

Akafikiri. "Hatumwiti. Anakuja mwenyewe."

Kwenye kusudi akaandika: Kuzingira ngome. Wa pili akaandika: Kuzingira ngome. Wa tatu akaandika: Nimefuatana na hawa. Wa arobaini alikuwa mwembamba, mwenye kicheko kama cha fundi Kinunda. Akaandika haraka, akanirudishia kalamu huku akitazama pembeni. Nilisoma. Ilikuwa: Kumtazama mlinzi asiyejua kusoma.

"Nimeisoma hiyo," nikamwambia. "Kata."

Akakata kwa mstari mmoja, akaandika: Kuzingira ngome. Nikampa alama ya vema.

Tulipofika mtu wa mia tatu na kumi na mbili, geti likalia kwa maumivu. Bawaba ya juu ilikuwa imening'inia kwa uzi mmoja wa chuma.

Pasha alikuwa amekaa kwenye kigoda akinisubiri. "Baba mlinzi," akasema kwa upole, "sisi tunaweza kungoja. Geti lako haliwezi. Kengele ya saa sita ikilia na kiapo kikiwa bado nusu, litaanguka. Na penye geti lililoanguka hapana haja ya kitabu."

"Na wale watu walio ndani?"

"Wataingizwa kwenye vitabu vya wengine, safu ya mateka."

"Pasha, hivi wewe unaitakia nini hii ngome? Paa linavuja."

Akatazama huku na huku, akanisogelea. "Usimwambie mtu. Mimi niliapa mbele ya Sultani: 'Nitasonga mpaka.' Ngoma zikapigwa. Sasa ni mwaka wa thelathini ninasonga. Hakuna anayejua mpaka wapi, na kuuliza ni aibu."

Nikamtazama huyu, nikamtazama na yule mwingine aliyekuwa mnarani akichana sharubu. Watu wawili wakubwa, kila mmoja na nusu sentensi yake, na kati yao shamba la mama mmoja.

"Nipe robo saa," nikasema.

Pasha akatazama jua. "Nenda. Tutashika foleni."

Nilikimbia. Ukumbi ulikuwa umebadilika na kuwa darasa letu la jioni, ila ilikuwa mchana. Wanakijiji walikuwa madawatini upande wa kulia. Askari mia tatu na kumi na wawili walioandikishwa walikuwa upande wa kushoto, kwa kuwa wameandikishwa. Kiapo kilikuwa kwenye meza ya mwalimu. Ubaoni pameandikwa sentensi yangu, kwa mwandiko wangu, na nukta yangu kubwa kama jiwe la kinu. Na mbele ya ubao alisimama Mwalimu Skolastika, ameshika kalamu nyekundu yenye urefu wa mkuki.

"Aliyeapa asimame," akasema.

Bwana Menyhert akasimama.

"Mpaka lini?"

"Mpaka jina langu liimbwe na vizazi vyote!"

Kiapo kikajigeuza kwenye sahani, kikampa mgongo. "Kwa maneno hayo siwezi hata kumezeka," kikasema.

"Mpaka jeshi la mfalme lifike!"

"Jeshi liko njiani," picha ikasema. Askari wa upande wa kushoto wakacheka, kile kicheko chote cha juzi, na wanakijiji nao wakacheka, kwa uchungu zaidi.

"Mpaka..." Bwana Menyhert akajishika kidevu. "Mpaka damu ya mwisho!"

"Ya nani?" akauliza Mama Borbala.

Bwana Menyhert akachezea sharubu.

"Ninauliza tu. Kwa sababu katika vita zote nne zilizopita ilikuwa ya shemeji zangu."

Saa ya ukutani ilionyesha bado dakika tatu. Nje geti lililia jina langu. Mama Borbala akasimama akaenda mbele, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba kiberiti kwa jirani:

"Bwana, sema hivi: Nitalinda mpaka mama huyu avune. Ni maneno machache. Sisi huku tunaanza kuvuna sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, mwishoni mwa Juni. Basi. Baada ya hapo utaapa kingine."

"Mtu wa ukoo wangu," akasema Bwana Menyhert polepole, "hawezi kuapa kwa ajili ya ngano."

"Lakini anaweza kuila," farasi akasema kutoka dirishani.

Mwalimu akaishusha ile kalamu ndefu ikanielekea mimi. "Sentensi hii ni ya nani?"

Ningeweza kusema ni ya bwana mkubwa. Ningeweza kusema Jumatatu ninarudisha kitabu, kwa hiyo hayanihusu. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni, yamepangwa vizuri, tangu jana. Kisha nikawatazama wale watu madawatini na kuku wao mapajani. Walikuwa wananitazama jinsi mtu anavyoitazama barua ambayo hawezi kuisoma mwenyewe. Mimi namfahamu mtu huyo. Nimekuwa yeye miaka kumi na miwili.

Nikasali kwa ufupi. Nilisema, Bwana, mimi ni mlinzi tu.

Halafu nikasema, "Ni yangu, Mwalimu."

"Basi imalizie."

Nilikwenda ubaoni. Nilifuta ile nukta kwa kiganja, na ilikuwa nzito. Nikaandika huku nikisoma: "Nitalinda mpaka Mama Borbala avune, Petro na Paulo." Ndipo nikaweka nukta, ndogo.

Mwalimu alipiga vema nyekundu iliyopasua ubao.

"Sasa nani atanila?" kiapo kikauliza. "Sentensi bila mlaji ni chaki tu."

Wote tukamgeukia Bwana Menyhert. Alitazama sahani. Akajipapasa tumbo la chuma. "Mimi," akasema, "nimeshiba."

Basi nikakila mimi. Kilikuwa kigumu, kikavu, kina ladha ya chaki na ya sakafu ya kanisa. Hakuna aliyeniletea maji. Niling'ata na ile lakiri, kwa sababu kiapo hakiliwi kwa kuchagua, na kipande chake kikanasa katikati ya magego. Nilipomeza tonge la mwisho nikasikia geti kule nje likivuta pumzi ndefu na kunyooka, mfupa kwa mfupa.

Kengele ya saa sita ikalia.

Niko getini, nimeshika kofia. Nikaanza, "Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria," sala ya saa sita, kwa kuwa ni saa yake. Wanakijiji wakaitikia kutoka juu ya ukuta. Ng'ambo, Pasha na watu wake walikuwa wanatandika mazulia yao, kwa kuwa kwao nako ilikuwa adhuhuri. Kwa robo saa hakuna aliyepigana na mtu. Ilikuwa robo saa bora kuliko zote katika vita ile, na hakuna tarumbeta iliyopulizwa kuitangaza.

Pasha alipomaliza alikuja akaligusa geti kwa kidole. Halikutikisika. Akafungua kitabu.

"Safu hii ya mwisho ni ya nini?"

"Saa ya kutoka."

Aliipitishia kidole kutoka juu hadi chini. "Miaka thelathini," akasema, "sijawahi kuonyeshwa safu hii." Akaandika saa sita na robo, akaweka sahihi nzuri yenye mkia, akawaambia watu wake waipindue sufuria, ishara yao ya kuacha vita. Nyumbani kulikuwa mbali na baridi inaanza. Waliondoka kwa mstari uleule, na yule mwembamba akanipungia mkono.

Hapo ndipo Bwana Menyhert aliposhuka mnarani na tarumbeta sita.

"Andikeni!" akasema. "Siku hii nimewafukuza elfu arobaini kwa mkono wangu!"

"Upi?" farasi akauliza.

"Mheshimiwa," nikasema, "kitabu changu kinaonyesha mia tatu na kumi na wawili, na wote wametoka kwa hiari."

"Kitabu chako hakina nafasi ya utukufu."

"Kinayo. Uliandika wewe mwenyewe asubuhi, kwenye kusudi. Lakini bado hujajaza saa ya kutoka."

Tarumbeta zikapulizwa ili nisisikike. Picha ya mfalme ikasikika kutoka ndani ikisema jeshi liko njiani, na mchoraji akaanza kumchora Bwana Menyhert akiwa amesimama juu ya Pasha. Upanga ukaomba uchorwe ukiwa nje ya ala.

Mama Borbala alipita katikati ya kelele hizo, mfuko wa mbegu begani. Alisimama mbele yangu.

"Baba mlinzi, ninakwenda kupanda."

"Mungu akubariki, mama."

"Umesikia nilichosema? Ninakwenda kupanda. Nimekuamini. Usije ukaondoka Jumatatu."

"Mama," nikasema, "mimi ni wa ndotoni. Siishi hapa."

"Na mimi pia siishi hapa," akasema. "Lakini ngano hailijui hilo."

Akatoka, nikamfungulia geti. Lilifunguka bila kelele. Nilitaka kumwandika saa ya kutoka, nikatafuta kalamu, na nilipoinua kichwa nikaona dari ya chumba changu.

Mke wangu alikuwa ameketi kitandani ananitazama. "Baba Gaudensia, unatafuna nini tangu alfajiri?"

"Sitafuni kitu."

"Fumbua mdomo."

Nikafumbua. Akachukua kijiti, akachokonoa kati ya magego ya kulia, akatoa kitu kidogo kama punje ya mtama. Akakipeleka dirishani kwenye mwanga wa ukungu. Kilikuwa chekundu, kigumu, kinang'aa. Alikikwaruza kwa ukucha.

"Umekula mshumaa?"

"Sisi tuna mishumaa myeupe," nikasema.

"Basi hii ni nini?"

"Lakiri."

"Lakiri ya nini? Nani ana lakiri siku hizi?"

Nilikifunga kwenye karatasi, nikaiweka ndani ya kitabu cha sala, kwenye ukurasa wa Petro na Paulo. Kisha nikavaa koti, tukaenda kwenye jumuiya. Leo ilikuwa kwa Mama Nombo.

Tulisali, tukasoma Injili, tukatafakari. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye neno, nilisimama. Fundi Kinunda alikuwa pale karibu na mlango, Mwalimu Skolastika kwenye mkeka pamoja na kina mama.

"Miaka sita iliyopita," nikasema, "nilisimama hapahapa kwenu nikasema: Nitasoma mpaka. Halafu?"

Wakatazamana. Mama Nombo akasema, "Halafu tukapiga makofi."

"Ndiyo. Mlipiga makofi nikiwa navuta pumzi. Na mimi nikaona ni tamu, nikakaa."

Kinunda akacheka. "Kwa hiyo Mzee Hyera unataka turudishiwe makofi yetu?"

"Nataka mnyamaze mpaka niweke nukta."

Mwalimu Skolastika aliinua kichwa. Hakufunika mdomo. "Mpaka lini, baba?" akauliza, polepole, kama mtu anayefungua geti.

Nilipitisha ulimi pale kwenye gego. Pengo la ile lakiri lilikuwa bado linauma. Nikashika koti langu kwa mikono miwili, nikasema kwa sauti, mbele yao wote kumi na saba:

"Sirudishi kitabu Jumatatu. Nitasoma mpaka sikukuu ya Petro na Paulo, mwakani, misa ya kwanza, niende mbele nisome somo la kwanza, lote, bila kuweka kidole kwenye mstari. Nukta."